Habari za Bwana Kasanga Tumbo, Mtu wa Reli
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Napenda kusema juu ya Bwana Christopher Kasanga Tumbo, kwa kuwa alikuwa mtu wa reli, na reli hiyo yapita hapa Dodoma tangu mwaka 1910.

Bwana Tumbo alikuwa Katibu Mkuu wa TRAU, chama cha wafanya kazi Waafrika wa Reli ya Tanganyika. Siku zile reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Basi mfanya kazi wa stesheni yetu akidai nyongeza ya mshahara, alikuwa akidai kwa wakubwa walio mbali. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma kwa siku 82. Fikirini, mabwana: siku 82 za kugoma, na watoto nyumbani wataka kula! Jambo hilo halikuwezekana kwa nguvu za kiongozi peke yake. Lilitaka watu wa kila stesheni washikamane.

Baadaye Bwana Tumbo alikuwa Mbunge wa Mpanda, na mwaka 1962 alikuwa Balozi wetu London. Mwaka huohuo akajiuzulu, akaipinga Serikali. Lakini wale waliodai Uhuru pamoja naye, sasa wao ndio waliokuwa wakidaiwa. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya mgomo wa halali kuwa mgumu mno, na sheria nyingine ya kuwaweka watu kizuizini pasipo hukumu ya korti. Mwaka 1964 yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini. Mwaka huo pia vyama vya wafanya kazi viliondolewa, kikawekwa kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Wenzangu, haya yatuhusu sisi makarani. Kiongozi aweza kupewa cheo, aweza kufungwa. Chama chapasa kubaki. Kwa hiyo yatupasa tuzisome sheria zinapokuwa bado miswada, tuandike madai yetu wazi, na tulinde haki ya kumchagua Katibu wetu wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.