Sherehe ya Desemba Ibaki, Kisu Kiondoke

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee, akina mama, wasanii na vijana wa Tarime na Serengeti, shule zilipokuwa zikikaribia kufungwa kwa likizo ya Desemba.)



Nimeombwa nizungumze juu ya chakula, kinywaji na ngoma zetu katika siku za mapumziko ya mwisho wa mwaka. Nimeikubali kazi hiyo kwa furaha, maana hakuna Mkurya, Mngoreme, Mwikoma, Mnata wala Mwisenye anayeweza kuzitaja siku hizo bila moyo wake kuchangamka. Mabasi yanayotoka Mwanza, Arusha na Dar es Salaam hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wanafunzi wamefunga shule. Barabara ya Tarime hadi Sirari haina nafasi, na Mugumu mjini mtu hupata shida ya kupata hata kiti cha kukalia jioni ya Jumamosi. Huu ndio wakati wetu wa kuonana.

Tuanze na chakula, kwa sababu mgeni husifu kwanza alichokula. Mezani kwetu ugali wa wimbi, au wa mtama uliochanganywa na muhogo, ungali na heshima yake, hata kama mahindi yamechukua sehemu kubwa ya mashamba. Ugali ule mweusi, uliopikwa na mtu anayeujua mwiko, huliwa kwa maziwa ya mgando yaliyokaa kibuyuni, au kwa mgagani uliotiwa maziwa ili uchungu wake utulie. Mbuzi akichinjwa hapotei kitu. Nyama huchomwa, na pembeni hutengenezwa kichuri, ule mchuzi mchungu unaotokana na chango cha mnyama, ambao mgeni huuogopa siku ya kwanza na kuuulizia siku ya pili. Vyakula hivi havikuletwa na mtu kutoka ng'ambo. Ni elimu ya wafugaji na wakulima waliojua kila sehemu ya mnyama ina kazi gani.

Kuhusu kinywaji, yafaa ieleweke kwamba pombe yetu ya asili ni kazi ya ufundi. Mama anayetaka kupika busaa kwa ajili ya Jumamosi huanza siku nyingi kabla. Huloweka wimbi, huliacha lichipue, hulianika, kisha hulisaga likawa kimea. Unga mwingine hukandwa na kuachwa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati, na ndipo vyote viwili hukutanishwa katika mtungi. Wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja wakiwa wameketi duara, na mtu mwenye ugomvi na mwenzake huona aibu kuingiza mrija wake kabla ya kusema yaliyomo moyoni. Watoto hupewa togwa au uji wa wimbi. Fedha inayopatikana kwa mtungi huo mara nyingi ndiyo inayonunua madaftari ya Januari. Nasema haya bila kusahau kwamba gongo si mila yetu wala haina mzee anayeitetea. Imeua watu na kubomoa nyumba, na anayeileta katika sherehe ameileta kwa faida yake mwenyewe.

Nami nije kwenye sanaa. Litungu letu, lenye nyuzi nane na mwili wa mti uliofunikwa ngozi, ni ala ambayo nchi nzima huitambua kwa sauti yake nzito. Ndugu zetu Wakuria walio ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wanalipiga vilevile, kwa maana mpaka ule ulichorwa na wakoloni katikati ya koo zetu. Wachezaji huvaa njuga miguuni, na wengine hucheza juu ya viatu virefu vya mti, hata mtazamaji hujiuliza wanawezaje kuruka bila kuanguka. Mpiga litungu si mburudishaji tu. Yeye ndiye anayesifu, anayekaripia, anayewataja marehemu, na anayeamua nani apewe heshima mbele ya watu. Neno lake laweza kumpandisha kijana au kumshusha kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo tutazamane. Chakula hiki, pombe hii na ngoma hii, katika mwezi wa Desemba, mara nyingi huandaliwa kwa ajili ya nani? Katika koo nyingi, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, baraza la wazee la Inchama hutoa idhini, na msimu wa tohara huanza. Mvulana na msichana hutoka alfajiri, na wanaporudi nyumbani husindikizwa kwa matawi, nyimbo na shangwe, kanga zimewafunika na noti zimebandikwa nguoni. Sisi tunaokula na kucheza huona furaha yetu tu. Msichana aliye katikati ya msafara ule anatembea akivuja damu.

Hatuna budi kulisema jambo hili bila kumung'unya maneno. Ukeketaji hauna faida yoyote kwa mwili wa mwanamke. Husababisha kutokwa damu, maambukizo, na taabu wakati wa kujifungua, na wapo mabinti waliokufa wakati ngoma ikiendelea. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Mara, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni 8. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, Mara ilikuwa na 32. Tunapungua, lakini tunapungua polepole mno.

Najua nitajibiwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo naiheshimu, ila naomba tuisome kwa historia yetu wenyewe. Hapa hapa mkoani Mara, kwa jirani zetu Wazanaki, ilikuwepo mila ya kuchonga meno. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno yake, na picha zake zinaonyesha. Je, watoto wa Kizanaki wa leo, wenye meno kama walivyozaliwa nayo, wamekuwa watumwa? Babu zetu Wakurya walitoboa na kuvuta masikio hata ndewe zikaning'inia karibu na bega. Ni kijana gani leo anayeambiwa si Mkurya kwa sababu masikio yake ni mazima? Mila hizo tuliziacha, na lugha yetu, ukoo wetu, litungu letu na ugali wetu vikabaki.

Mwalimu huyo huyo, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kazi aliyoipa ni kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote. Tukumbuke neno hilo, yaliyo bora. Hakusema yote. Mkulima anayechagua mbegu hatupi gunia zima, wala hapandi punje zilizooza kwa sababu tu zilitoka ghalani kwa babu.

Sasa naomba tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme mwaka huu sherehe imefanyika kama kawaida, lakini hakuna binti aliyekatwa. Mama mwenye mtungi wa busaa atauza. Mchinja mbuzi atauza. Mpiga litungu atatunzwa. Mshonaji, mwenye duka la kanga, mwenye basi, mwenye nyumba ya wageni, wote watapata riziki yao. Atakayekosa ni ngariba, pamoja na wale wanaogawana malipo ya kisu. Basi inakuwaje watu wengi hivyo tukubali kulinda mapato ya watu wachache kwa damu ya watoto wetu?

Wala si jambo la kuotea ndoto. Kule Masanga, wilayani Tarime, wasichana wanaokimbia kisu hupokewa katika likizo ya Desemba. Hula pamoja, hufundishwa juu ya miili yao na haki zao, huimba na kuigiza, na mwisho hufanyiwa mahafali ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Mjini Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama imekuwa ikipokea wasichana tangu mwaka 2014. Kuna wazazi ambao baadaye walikwenda kupatana na mabinti zao na kuwarudisha nyumbani. Lakini tujiulize kwa aibu kidogo: kwa nini binti wa Kikurya akimbie nyumbani kwao wakati wa sikukuu, akale sikukuu yake mbali na mama yake?

Kwa hiyo basi, nina maombi kwa kila mmoja.

Wazee wangu wa mila, ninyi ndio wenye ufunguo. Inchama hutoa idhini ya msimu, na anayetoa idhini aweza pia kutoa baraka. Wabarikini wasichana kwa maziwa na kwa maneno, wapeni rika lao na nafasi yao katika ukoo. Wavulana na watahiriwe katika kituo cha afya kwa usafi, kisha waje nyumbani wachezewe ngoma.

Akina baba, tuache kuwahesabu binti zetu kwa ng'ombe. Inasemekana asiyekeketwa hana mahari nono. Lakini binti aliyemaliza shule akawa mwalimu au muuguzi huwasaidia wazazi wake miaka mingi, wakati ng'ombe wa mahari waweza kuisha kwa ugonjwa mmoja.

Mama zangu, ninyi ndio mnaolijua jambo hili kwa miili yenu. Nawaomba mseme usiku jikoni yale ambayo hamuyasemi mchana hadharani, na msikubali kupika busaa ya sherehe ambayo mwenye nyumba amekusudia kumkata mtoto. Mtungi usipopikwa, sherehe haiwi.

Wapiga litungu na waimbaji, kwenu nina ombi zito kuliko yote. Zipo nyimbo zinazomwita msichana asiyekeketwa msagane, na neno hilo humfuata kisimani, sokoni na shuleni. Wako wasichana waliokwenda kwa ngariba kwa miguu yao wenyewe, si kwa kupigwa na baba, bali kwa kuukimbia wimbo. Sanaa yenye nguvu ya kumsukuma mtoto kisuni inayo pia nguvu ya kumzuia. Mtungieni wimbo wa sifa yule binti aliyekataa, mtajeni jina la baba yake kwa heshima, mcheze juu ya viatu vya mti mpaka vumbi lipande. Mtakapofanya hivyo msimu mmoja tu, mtaona nani atakayethubutu kumdhihaki.

Na kwenu mnaorudi kutoka mijini, msije kula nyama, kunywa na kupiga picha, kisha mkaondoka mkisema mambo ya kijijini ni ya kijijini. Mtu akikualika karamu, muulize kwa adabu ni karamu ya nini. Ikiwa ni ya kisu, rudisha kinywaji chako na utoe taarifa kwa viongozi wa kijiji au polisi kabla ya alfajiri, si baada yake.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuomba sherehe yetu ifutwe. Nimekuja kuomba isafishwe. Nataka watalii wanaopita Robanda na Mugumu wakielekea Serengeti wasimame walisikie litungu, nasi tuwakaribishe pasipo kuwa na chumba cha nyuma tunachowaficha. Nataka mtoto wa miaka 12 asikie kwamba Desemba inakaribia, afurahi kama wenzake wa mikoa mingine, asianze kupanga njia ya kutorokea.

Likizo imekaribia na wimbi liko tayari kulowekwa. Kabla mama hajatia mkono kwenye maji, tukubaliane kwanza sherehe ya mwaka huu ni ya nini.