Udongo wa Mawe ya Volkano katika Malisho ya Kisiwa: Mfano wa Hawaii



Katika visiwa vyote vya nchi za joto vilivyozaliwa na volkano nimeteua kimoja, kisiwa kikubwa cha Hawaii katika bahari ya Pasifiki, hususan upande wake wa kaskazini-magharibi, baina ya mji wa Waimea na bandari ya Kawaihae; kwani huko, katika mteremko usiozidi kilomita ishirini, mtu huweza kuutazama udongo wa asili moja ukibadilika tabia kwa kadiri mvua inavyopungua, na huko ndiko ufugaji wa ng'ombe ulikokita mizizi, baada ya nahodha Vancouver kumletea mfalme Kamehameha ng'ombe wa kwanza mwaka 1793, nao wakapigwa marufuku kuchinjwa kwa miaka kumi, wakazaana wakawa wa mwitu, hata John Palmer Parker akaanzisha ranchi yake mwaka 1847.

Chini ya malisho haya kuna lava ya milima ya Kohala na Mauna Kea, na juu ya lava kuna jivu la volkano lililotandazwa na upepo, hapa nene, pale utando tu. Milima hiyo, ambayo mmoja wake, Mauna Kea, una kimo cha mita 4,207, huzizuia pepo zitokazo kaskazini-mashariki, mawingu yakamwaga maji yao upande wa Hilo, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 3,000, ilhali Kawaihae, iliyo nyuma ya milima, aghalabu haipati hata milimita 250. Ndiyo maana udongo wa Waimea una kina na rangi ya giza, na kadiri uteremkavyo kuelekea pwani hupungua kina na kuwa mwekundu wa kahawia, mawe yakajitokeza kwa wingi hata ng'ombe hupita baina yake kwa vijia walivyovikanyaga wenyewe.

Naomba nikae kidogo juu ya udongo wenyewe, kwa kuwa aghalabu mtazamaji huyaona mawe akasahau kilicho baina yake. Udongo wa jivu uliopata mvua ya kutosha, ukiuteka kiganjani, ni mwepesi kuliko ulivyotarajia, laini mfano wa unga. Ukiuminya kwa kidole gumba huteleza na kutoa maji, na ukiuachia hushikamana tena. Sababu yake ni alofani, madini yasiyo na umbo la fuwele, yanayotokea pale jivu linapoozeshwa na mvua, yenye vitundu vidogo mno vinavyobeba maji mengi. Njia ya kuyatambua shambani ni nyepesi: chembe ya udongo huwekwa juu ya karatasi iliyotiwa fenolifthaleini, ikadondoshewa maji ya floridi ya sodiamu, na punde karatasi huiva wekundu. Alumini ile ile iliyosababisha wekundu huo ndiyo inayoikamata fosforasi ikainyima mizizi, hata mbolea ya fosfati ikimwagwa juu ya malisho, sehemu kubwa yake hufungwa kabla ya nyasi kuifikia. Kwa hiyo palipo na maji tele pana njaa ya namna yake, na pwani, ambako alofani ni haba na kalsiamu haikuoshwa na mvua, pana chakula cha mimea lakini hapana maji ya kukiyeyushia.

Wenyeji wa Hawaii walilifahamu jambo hili karne nyingi kabla ya ng'ombe kufika. Katika mteremko wa Kohala, kwenye ukanda wa katikati ambao mvua yake haikuwa haba wala haikupita kiasi, walilima viazi vitamu na kujenga kuta ndefu za mawe kukinga upepo, na mistari ya kuta hizo ingali yaonekana ndani ya malisho ya leo. Wanazuoni Peter Vitousek na Oliver Chadwick, pamoja na wenzao, walipoupima udongo huo, waliona kuwa mipaka ya mashamba ya kale inalingana kwa karibu sana na mipaka ya rutuba. Mimi nakiona kitendo hicho kuwa elimu kamili ya udongo, ingawa hakikuandikwa kitabuni.

Nimefikia sasa mawe, na hapa ndipo ninapokhitalifiana na wale wayahesabuo kuwa ila tupu. Jiwe hunyang'anya nafasi, hilo halina shaka: ikiwa nusu ya ujazo wa ardhi ni jiwe, akiba ya maji itumikayo na mizizi nayo hukaribia nusu. Lakini mvua inayoanguka juu ya jiwe haipotei yote. Huteremka ubavuni mwake ikaingia katika udongo wa pembeni, ambao hupata zaidi ya fungu lake, na jiwe hilo hilo huufunika udongo usikaushwe na jua wala usipeperushwe na mumuku, upepo mkali unaoshuka kutoka Waimea hadi baharini. Fauka ya hayo, mawe ndiyo yaliyolizuia jembe la trekta, na udongo mwepesi namna hii, lau ungelimwa mahali penye upepo kama ule, ungalipotea upesi.

Nyasi nazo hujipanga kwa kufuata daraja za mvua. Huko juu penye ubaridi hutawala kikuyu, nyasi iliyotoka nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ambayo wengi wetu hapa tunaikanyaga kila siku. Chini penye ukame ni nyasi ya bafeli na miti ya kiawe. Zote hustahimili kuliwa, ila zikiachwa zikakauka huwa kuni za moto wa nyikani, na mwaka 2021 moto ulienea katika malisho ya Waimea ukateketeza ekari zipatazo 40,000.

Kwa hiyo nashauri kwamba katika malisho ya mawe, idadi ya mifugo isikadiriwe kwa ekari za ramani. Mpimaji na avute kamba malishoni, ahesabu ni hatua ngapi zinaangukia jiwe na ngapi udongo, kisha achimbe baina ya mawe hadi kufikia mwamba na kuandika kina. Na hesabu hiyo irudiwe katika kila daraja ya mvua, kwa kuwa ekari moja ya Waimea na ekari moja ya Kawaihae haziwezi kulisha ng'ombe sawa.