Namba ya Jino: Tuisome Kabla ya Kung'olewa

Akina mama na ndugu wa vikundi, hapa Takawiri mtu akiumwa na jino hupanda boti kwenda ng'ambo, na pengine hupewa karatasi yenye namba apeleke kwa daktari mwingine. Namba ile si mapambo.

Ukiona 36, usisome thelathini na sita. Ni tatu, halafu sita. Ya kwanza ni pande: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kulia kwako mgonjwa, si kwa daktari anayekutazama! Ya pili ni jino, ukihesabu kutoka katikati, 1 mpaka 8. Basi wazee wetu wa Kiluo waliofanyiwa nago, yale meno sita ya chini, wamekosa 31, 32, 33, 41, 42 na 43.

Shida iko hapa. Wamarekani huhesabu mfululizo, 1 mpaka 32. Kwao 18 ni gego la chini kushoto. Kwa hesabu yetu ni gego la mwisho juu kulia. Jino zima laweza kung'olewa, bovu likabaki. Kabla ya sindano ya ganzi, weka kidole penyewe, uliza: "Daktari, ni hili?"