Matone Chini ya Motokaa

Motokaa yetu ndogo ya mizigo ilikuwa yadondosha matone. Dereva akasema, "Ni maji tu." Sisi hatukuridhika, maana siku ya pili yake ilikuwa iteremke mlimani na magunia ya pamba na watu sita.

Tulifuta uchafu wote chini yake, tukatandika karatasi nyeupe, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi palikuwa na doa moja karibu na gurudumu la nyuma, wala si chini ya injini. Maji ya rejeta hukauka. Mafuta ya injini huwa meusi. Ya giaboksi ni mazito, yananuka. Haya yalikuwa mepesi, ya manjano kidogo, yakiteleza vidoleni: mafuta ya breki!

Motokaa ikienda, upepo huyasukuma mafuta nyuma, hata tone likaanguka mbali na tundu lake. Basi tulifuata unyevu kwenda juu na mbele, mpaka ndani ya gurudumu. (Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, wekeni magogo.) Fundi alipolifungua, mpira wa silinda ya breki ulikuwa umepasuka. Dereva alinyamaza kimya. Magunia yalishushwa.