Mwigizaji Naye Asomee Kazini

(Haya ni mazungumzo ya juma hili yaliyotolewa redioni na mwigizaji wa michezo ya jukwaani.)



Mwigizaji akijitambulisha katika ofisi yoyote, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Umesomea wapi?" Akijibu kwamba amesomea Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupewa kiti. Akijibu kwamba amesomea kazini, watu hutazamana na kutabasamu, kana kwamba ametaja jina la upole la kutosoma. Leo nataka tulizungumze jibu hilo la pili, maana waigizaji wengi wa nchi hii ndilo walilo nalo. Je, mtu anaweza kweli kusoma kazini? Na kama anaweza, anasomaje?

Kazi hii yangu imenipeleka zaidi ya mara moja Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, na mifano yangu mingi nitaichukua huko.

Kwanza tukubaliane kwamba kujifunza kwa kutenda si jambo geni kwetu. Kungwi wa unyago hakupewa cheti na mtu. Aliketi kando ya kungwi aliyemtangulia, akashika ngoma, akashika nyimbo, akaachiwa sehemu ndogo, halafu kubwa, mpaka siku wazee waliporidhika naye. Hivyo ndivyo ngoma za Wasagara, Wakaguru na Wavidunda zilivyotufikia. Wilaya ya Kilosa ilikuwa pia na mashamba makubwa ya mkonge, na vibarua walitoka mikoa ya mbali na ngoma zao mikononi. Jioni za mapumziko, mtu alijifunza ya mwenzake kwa kumtazama na kujaribu.

Hata chuo chetu kikongwe cha sanaa kilizaliwa na kazi. Serikali ilikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vikavunjwa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Miongoni mwa walimu wake wa mwanzo walikuwamo wasanii wa vikundi vile. Yaani walioitwa kufundisha ni watu waliokuwa wamefundishwa na jukwaa.

Lakini hapa ndipo penye hatari, ndugu msikilizaji. Mtu akisikia maneno haya anaweza kusema: basi, mimi nina miaka kumi na mitano jukwaani, nimesoma vya kutosha. La hasha! Kufanya kazi na kuisoma kazi ni mambo mawili. Barabara kuu iendayo Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Wapo madereva waliopita pale kila juma kwa miaka mingi, wakawaona tembo, nyati na twiga mara elfu. Je, wanawajua? Anayewajua ni yule mtu wa hifadhi anayesimama, anayehesabu, anayeandika leo kundi limepita wapi na jana lilipita wapi, halafu anajiuliza kwa nini. Wote wawili wanapita njia moja. Mmoja anasafiri, mwingine anasoma.

Aghalabu sisi waigizaji tunasafiri. Tunacheza leo Kimamba, kesho Mikumi mjini, keshokutwa Ruaha. Watu wanacheka, tunafurahi, tunapakia ngoma na vipaza sauti garini, tunaondoka. Walichochekea hasa ni nini? Hatuulizi. Yule mama aliyeinuka katikati ya mchezo akaondoka na watoto wake, aliondoka kwa nini? Hatujui, maana gari lilikuwa linatusubiri.

Hebu tuangalie mfano wa kazi iliyokubali kujichunguza. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji wa miaka ile hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake kila kituo, wala mkewe Tunu, aliyechoka, akamwacha, akasimama kwa biashara yake mwenyewe. Mkwaju aliishia kuugua UKIMWI. Kwa mji kama Mikumi, ambako malori hulala na safari huendelea asubuhi, hiyo haikuwa hadithi ya mbali. Jina la Mkwaju likawa neno la kumwonyea mtu mtaani.

Jambo ninalotaka ulione ni hili. Kabla mchezo haujaandikwa, watu walikwenda kwanza kuuliza wananchi wanaishije na wanaamini nini. Na ulipoanza kutangazwa haukuachwa ujiendee. Kati ya mwaka 1993 na 1995 kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili watu wa huko walinganishwe na waliousikia. Matokeo yakapimwa. Katika kazi ya namna hiyo, mwigizaji hapati makofi peke yake. Anapata pia majibu. Anajua sauti yake ilifika wapi na ilifanya nini ilipofika. Hayo ndiyo masomo ya kazini.

Sasa turudi Kilosa, kwa maana huko suala hili si la mwigizaji kujiendeleza tu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mambo yanayojulikana: ardhi, maji, ng'ombe kuingia mashambani, na watu kukosa imani na wale waliotakiwa kuwaamua. Tangu mwaka huo wilaya hiyo imeshuhudia mivutano mingine ya aina hiyo.

Fikiri basi kikundi cha maigizo kimepewa kazi ya kuhimiza amani katika wilaya yenye kumbukumbu kama hiyo. Mwigizaji asiyesoma kazi yake atafanya nini? Atachukua kilicho karibu. Atajifunga shuka jekundu, atashika fimbo, ataharibu Kiswahili kwa makusudi, na watu watacheka mpaka machozi. Lakini ni nani wanaocheka? Ni wakulima. Na mfugaji aliyesimama nyuma ya umati anaona nini? Anaona kwamba hata siku ya amani yeye ndiye kichekesho. Au kikundi kikaelemea upande wa pili, kikamchora mkulima kuwa mtu wa kupokea rushwa na kuvamia njia za mifugo. Katika mji mwingine mchezo mbaya unapoteza saa moja ya watu. Katika mahali penye makaburi ya ugomvi, mchezo mbaya unapuliza moto.

Kwa hiyo mwigizaji wa Kilosa anatakiwa kusoma kabla ya kucheza. Aende kisimani wakati wa kiangazi aone nani anateka wapi. Akae shambani, akae zizini. Amsikilize mama aliyepoteza mahindi na kijana aliyepoteza ng'ombe. Na mchezo ukiisha asiondoke. Akae na hadhira aulize: tumesema kweli? Nani hatukumtendea haki?

Njia hiyo haikuletwa na mgeni. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, wakayachambua, wakatengeneza michezo kwa ngoma na sanaa za pale pale, wakaionyesha, kisha wakajadiliana juu ya hatua za kuchukua. Miaka hiyo hiyo ya 1980 kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Mkambalani, huku huku Morogoro. Na huyo Profesa Muhando ni mzaliwa wa Berega, Kilosa, mwaka 1948. Alikuwa amekwisha kuandika Hatia na Pambo, na jina alikuwa nalo. Bado aliona inafaa kwenda kujifunza upya kijijini, halafu akayaweka aliyoyaona katika kitabu kilichochapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1991. Kama profesa alisoma kazini, sisi wengine tunajivunia nini?

Pengine utauliza, msikilizaji, kijana wa kikundi cha Mikumi asiye na nauli ya kwenda Bagamoyo aanzie wapi? Aanzie na daftari. Mrusi Konstantin Stanislavski, ambaye waigizaji wa dunia nzima wanamsoma, alianza kuandika juu ya uigizaji wake akiwa na miaka 14, na akaendelea kujichunguza mpaka uzeeni. Daftari la shule linatosha. Kila baada ya onyesho andika mambo matatu: nilitaka nini, kilitokea nini, kesho nitabadili nini. Pili, apate mwenzake wa kumhoji bila kumwonea haya, maana rafiki anayesifu kila siku hakusaidii. Tatu, amtafute mtu mzima wa fani: mpiga ngoma mkongwe, mwalimu wa Chuo cha Ualimu Ilonga aliye jirani, kungwi, au mtangazaji. Amwulize, na anachoambiwa akijaribu jukwaani.

Hata hivyo, si haki mzigo wote abebe msanii. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sisi siku hizi tunamtunza kwa fulana na soda. Idara na mashirika yanayokodi vikundi vya wilayani huleta ujumbe siku ya Ijumaa na kutaka mchezo Jumamosi. Siku za uchunguzi hazimo katika hesabu, na siku ya kurudi kuuliza matokeo haimo. Halafu tunalalamika kwamba michezo ni ya mahubiri na haina uhai! Anayetaka mchezo wenye maana alipe siku za kusoma kama anavyolipa petroli.

Jambo jingine ni utambuzi. Mji wa Mikumi una chuo cha VETA, na mamlaka hiyo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza ujuzi wao nje ya chuo. Fundi magari, mwashi au mpishi hupimwa kwa kile anachoweza kufanya, pengo lake huonekana, huelekezwa, kisha hupewa cheti. Huko Uingereza vipo vyuo vikuu, Middlesex kikiwa kimojawapo, vinavyompa shahada mtu aliye kazini kwa kuichunguza na kuieleza kazi yake mwenyewe. Mwigizaji wa wilayani naye apimwe vivyo hivyo. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, likae na VETA na wenzao wa Bagamoyo waseme: mtu aliyecheza miaka kumi, mwenye daftari lake, mwenye mashahidi wa kazi yake, tumpime kwa vipi?

Wapo watakaosema cheti hakimfanyi mtu kuwa mwigizaji. Ni kweli kabisa. Wapo wenye vyeti ambao jukwaa linawakataa. Lakini wanaosema hivyo aghalabu wana vyeti vyao ukutani. Mwenye kipaji asiye na karatasi ndiye anayekatwa posho, ndiye anayeambiwa asubiri nje wakati wenye shahada wanajadili mchezo alioutunga yeye. Na kuna faida kubwa kuliko karatasi. Mtu anayejua kwamba siku moja ataulizwa "eleza kazi yako" huanza kuitazama kazi hiyo kwa macho mengine. Huacha kucheza kwa mazoea.

Treni ya kisasa iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 inasimama Kilosa. Waigizaji wa mijini wanaweza sasa kufika huko kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Ombi langu kwao ni kwamba wasiende na mchezo ulio tayari. Waende na daftari tupu, wawaulize waigizaji wenyeji ambao wameishi na ugomvi wa ardhi, mafuriko na barabara ya malori, wajue wao wamejifunza nini. Na wewe msomaji au msikilizaji uliye ofisini, siku mwigizaji akikujibu kwamba amesomea kazini, usitabasamu. Mwulize: umejifunza nini huko, na unakionyeshaje? Akiweza kukujibu, mpe kiti.