MNYANYUA VYUMA AANZE NA FIMBO

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Kipili)



Hapa Kipili hapana haja ya kumweleza mtu maana ya uzito. Gunia la mahindi ya Ufipa hufika ziwani, na hapo hupandishwa chomboni likiwa begani mwa mtu. Lakini mtazameni mchukuzi: hulipokea gunia kwa wenzake wanaomtwika, akiwa amesimama imara. Ajua kwamba riziki yake imo mgongoni.

Busara hiyo vijana wetu huisahau wanapoanza kunyanyua vyuma. Hutafuta bomba, hugandisha saruji katika makopo mawili, na siku ile ile hushindana. Wengine hujaribu mtindo mgumu kuliko yote: kunyakua, yaani kukitoa chuma ardhini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja.

Michezo ya Olimpiki ina mitindo miwili: huo wa kunyakua, na ule wa kukileta chuma mabegani kisha kukipeleka juu. Zamani ulikuwapo wa tatu, wa kukisukuma juu kwa nguvu za mikono. Uliondolewa baada ya Michezo ya Munich ya mwaka 1972, kwani wanamichezo walizidi kujipinda nyuma, waamuzi wakapata taabu kuamua, na migongo ikawa hatarini. Ikiwa wakuu wa mchezo walikubali kufuta mtindo mzima, sisi tutashindwaje kumwambia kijana asubiri?

Utaratibu ni huu. Kwanza, ashike fimbo juu ya kichwa, mikono imepanuka na kunyooka, kisha achuchumae kabisa bila kuinua visigino. Asiyeweza hayo kwa fimbo asiongezewe hata kilo moja. Pili, ajifunze kunyakua akianzia mapajani, halafu magotini, na mwisho ardhini. Chuma hupaa kwa nguvu za miguu na nyonga. Anayekunja viwiko mapema huipoteza nguvu hiyo. Tatu, ajifunze kushindwa. Chuma kikimlemea mbele, akisukume mbele naye arudi nyuma. Kikimlemea nyuma, akiachie na kuruka mbele. Mtu asisimame karibu ili kumsaidia kukidaka, wasije wakaumia wote wawili.

Yafaa pia tuvitazame vifaa. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma huanzia sentimita 22.5 juu ya sakafu. Kopo la saruji ni dogo, na kijana hulazimika kuinama mno hadi mgongo ukapinda. Isitoshe, ncha za chuma halisi huzunguka. Za bomba la saruji hazizunguki, nazo hunyonga vifundo vya mikono. Bomba hilo basi liinuliwe juu ya mbao, livutwe taratibu hadi mapajani tu. Kunyakua kubaki kwa fimbo.

Atatokea wa kusema kwamba vijana watachoshwa na fimbo. Akumbuke kwamba chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20 kwa wanaume, na kilo 15 kwa wanawake, ambao waliingia katika mchezo huu wa Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Huo tayari ni mzigo kwa anayejifunza.

Ndugu zangu, kijana wa Kipili akivunjika mgongo hatapotea mchezoni tu. Jembe litamkosa, na kasia litamkosa. Mwalimu anayemzuia leo anamhifadhia nguvu zake za kesho.