Kaisari wa Roma na Lumumba wa Kisangani



Leo naanzia mbali. Mwaka 44 kabla ya Kristo, mtawala wa Roma, Julius Caesar, aliuawa kwa visu na maseneta wenzake. Walisema wanaiokoa jamhuri. Shakespeare alitunga mchezo juu ya kifo hicho, na Mwalimu Nyerere aliutia katika Kiswahili mwaka 1963. Katika mchezo huo kuna mahali ambapo wakubwa watatu wameketi wakichagua majina ya watu wa kuuawa. Hilo si hadithi tu. Mwaka 43 waliojiita walipiza kisasi wa Caesar waliandika orodha, na mmoja wa waliokufa kwa orodha hiyo ni Cicero, mwanasheria mkubwa, ambaye hakuwamo miongoni mwa waliomchoma Caesar kisu. Jina la marehemu lilikua mpaka likawa cheo cha wafalme: Kaisari.

Mji wetu nao una marehemu wake. Patrice Lumumba alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Alikuja hapa, Stanleyville ya zamani, akawa karani wa posta. Mtetela huyu alipendwa na watu wa makabila ambayo hayakuwa yake, na ndio waliokipa nguvu chama chake cha MNC katika uchaguzi wa 1960. Tusimfanye malaika. Mwaka 1956 alikamatwa kwa fedha za posta, na baadaye akahukumiwa. Agosti 1960, akiwa Waziri Mkuu, askari wa serikali yake waliua raia wengi wa Kiluba huko Bakwanga. Hayo nayo ni historia yake.

Sasa sikilizeni jambo linalonigusa mimi kama mtu wa sheria. Januari 1960 Wabelgiji walimshitaki hapa mjini kwa fujo za Oktoba 1959. Alisimama mbele ya waamuzi, akajitetea, akahukumiwa miezi sita, na baada ya siku chache akafunguliwa aende mkutanoni Brussels. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1961, yeye, Mpolo na Okito walipigwa risasi huko Katanga. Safari hii hapakuwa na tribunali, wala mashitaka yaliyosomwa.

Basi mwaka 1964 Simba waliuteka mji huu kwa jina lake. Wakongo wenzao, makarani, walimu, wanasiasa, waliletwa mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Lumumba wakauawa hapo. Walitendewa kile kile alichotendewa Lumumba! Baada ya tarehe 24 Novemba, askari wa serikali na mamluki walilipiza, wakiua watu kwa kudhaniwa tu kwamba walikuwa upande wa Simba. Na tarehe 30 Juni 1966 Mobutu, aliyeamuru Lumumba akamatwe, alimtangaza shujaa wa taifa. Jina la maiti halikatai mbebaji.

Juni 2022 jino lake, ndilo lililobaki katika mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likapitishwa hapa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mwaka uliofuata Wambole na Walengola walikuwa wakiuana Lubunga kwa sababu ya ardhi. Ndiyo maana nasema haya leo. Akija mtu usiku na karatasi ya majina, hata akitaja Lumumba, au babu yenu, mwulizeni: ni mwamuzi gani ametia sahihi?

Wazee walioona mwaka 1964 wangali hai katika avenyu zenu. Waendeeni mchana, wakiwa na nafasi, mwaombe wawaeleze waliyoyaona penye ule mnara. Wengine hawatataka kusema, msiwalazimishe.